Mama Chanzo, Vitabu Vyake na Kiti cha Mjukuu

Tarehe thelathini mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, msimamizi wa chumba chetu cha kusomea nyaraka, ambaye ninyi nyote mnamwita Mama Chanzo, atakabidhi funguo zake na kustaafu baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika miaka thelathini na mitatu kamili. Aliirudisha barua ile pamoja na nakala ya barua yake ya kuajiriwa, tarehe ikiwa imepigiwa mstari kwa penseli, na miezi yake minne akarudishiwa.

Kamati ya jarida imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Kazi yangu ni sindano, uzi na gundi, na maandishi marefu kuliko yote niliyowahi kuyatoa mpaka leo ni maombi ya likizo. Lakini meza yangu na yake zimetenganishwa na ukuta wa mbao kwa miaka ishirini na mitatu, na ukuta wenyewe hauzuii hata chafya, kwa hiyo kamati ikaona nafaa. Nimekubali kwa sababu moja. Kuna muuguzi mmoja, marehemu sasa, aliyechafuliwa jina katika kitabu kilichoandikwa humu ndani, na wengi wenu mnaamini mnajua kosa lilikuwa la nani. Hamjui. Nitafika huko, ila kwanza nimsifu mwenye siku yake.

Alianza kama mpiga chapa wa masjala. Walioanza naye wanasema alikuwa mpiga chapa mbaya, si kwa vidole bali kwa macho, maana kila jalada aliloletewa alilisoma lote kabla ya kunakili ukurasa mmoja uliotakiwa. Mkuu wake wa wakati huo alimshtaki kwa uvivu. Aliyesikiliza shauri alikuwa mtunza nyaraka mzee, karibu kustaafu, ambaye baada ya kusikia pande zote mbili alisema tu, "Huyu nipeni mimi." Akapelekwa ghalani huku chini, penye rafu ndefu, vumbi na madaftari ya taasisi zilizokufa, na hakupanda tena juu isipokuwa kwenda kusaini.

Jina la Mama Chanzo alilipata mwaka wake wa sita. Mkurugenzi wa enzi hizo alikuwa akihutubia wageni, akasema jengo hili lilikamilika kwa mwaka mmoja tu kwa juhudi za wananchi. Mkono ukainuka nyuma kabisa, karibu na meza ya soda. "Samahani bosi, chanzo ni kipi?" Mkurugenzi alidhani anatania. Kumbe mwenzake alikuwa na madaftari ya mafundi mkobani, na jengo lilichukua miaka minne na nusu, paa likiwa limeezekwa mara mbili. Hakupandishwa cheo mwaka ule.

Tangu hapo hakuna aliyepona. Ukimwambia foleni ya benki ilikuwa ya watu mia, atakuuliza ulihesabu au ulikisia. Ukimwambia fulani anaumwa, atakuuliza nani kasema. Tulimcheka sana, na bado tunamcheka, lakini nimegundua kwamba watu wa idara hii husengenya kidogo kuliko watu wa idara nyingine, na sababu ni yeye.

Vitabu alivyoandika ni vitano, vyote juu ya mji na mambo ambayo wanahistoria wakubwa huyaruka: maji ya bomba, dobi, posta, hospitali ya zamani na daraja. Wanafunzi wanaokuja kumhoji humuuliza kila mara ni vitabu gani anavyovipenda, wakiwa wameshika kalamu tayari kuandika majina makubwa. Huwavunja moyo. Kitabu anachokipenda kuliko vyote ni daftari la vitu vilivyopotea la stesheni ya zamani ya reli, lililoandikwa na karani mmoja kwa miaka kumi na saba. Analo mezani kama wengine walivyo na kitabu cha sala. Humo mna mistari kama huu: "Mwavuli, mmoja, mweusi, mpini umeng'atwa." Na huu: "Meno ya bandia, seti moja, ya juu." Na ule anaousoma kwa kila mgeni: "Mtoto, mmoja, wa kike, amechukuliwa na shangazi yake saa kumi, amefurahi." Anasema karani yule kwa miaka yote kumi na saba alitumia neno la hisia mara moja tu, na alipolitumia lilikuwa na kazi. Akisema hivyo hutikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu.

Cha pili ni kamusi kuukuu iliyopoteza kurasa zake za mwisho, kuanzia herufi ya T. Nimeomba mara nyingi niitengeneze. Hukataa, anasema ameshazoea kuyatafuta maneno ya mwisho kwa watu. Cha tatu ni kitabu cha malalamiko cha dobi, ambacho mimi nakiona ni orodha ya shuka zilizoungua, lakini kwake ni hazina, na nitaeleza kwa nini.

Ukimuuliza walimu wake katika uandishi, hatataja mwandishi hata mmoja. Atataja baba yake, aliyekuwa tarishi wa posta na aliyeijua kila nyumba kwa mbwa wake. Jioni mzee yule aliwasimulia wanawe siku yake nyumba kwa nyumba, na kama hakuona kilichotokea ndani alisema, "Mlango ulifungwa, sijui." Binti anasema sentensi ile ndiyo shule yake yote. Wa pili ni shangazi yake, fundi cherehani, ambaye hakuweza kusimulia harusi wala ugomvi bila kuanza na nguo zilizovaliwa. Ndiyo maana katika vitabu vyake hakuna mtu anayeingia bila viatu vyake kujulikana. Wa tatu ni mwalimu wa historia wa sekondari, aliyewakaririsha tarehe za vita mpaka darasa zima likalala. Kwake alijifunza asifanye nini, na anamshukuru kwa moyo mmoja.

Sasa tabia zake za kuandika, ambazo mimi ninazijua kuliko mtu yeyote kwa sababu nimezisikia kupitia ubao. Huandika asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu mpaka saa mbili kamili, kabla mlango haujafunguliwa kwa wasomaji. Huandika amesimama, karatasi zikiwa juu ya kabati la faharasa, kwa penseli, nyuma ya kalenda za miaka iliyopita. Kalenda za ofisi nzima huishia kwake kila Januari. Anasema karatasi safi humtia kiburi.

Akimaliza ukurasa humsomea mama anayetupikia chai. Mama Chai hana shughuli na historia na hafichi. Kazi yake katika fasihi ya nchi ni kupiga miayo. "Nikipiga mwayo anachora mstari, anakata," aliniambia nilipomuuliza kwa ajili ya wasifu huu. "Siku moja nilipiga kwa usingizi wangu tu, mtoto alinikesheza, akakata ukurasa mzima. Nikamwambia dada, huo haukuwa wa kitabu. Akasema basi tena, umeshakwenda."

Hali ya hewa haandiki kwa kubuni. Katika kitabu cha daraja alitaka kusema kama mvua ilinyesha siku ya ufunguzi. Alitafuta siku tisa. Magazeti yalisifu hotuba, barua zilisifu magazeti, na hakuna aliyetaja mbingu. Hatimaye akapata katika kile kitabu cha malalamiko cha dobi kwamba tarehe ile mteja mmoja alirudishiwa suti ikiwa bado mbichi, na dobi akajitetea kwamba jua halikutoka tangu asubuhi na manyunyu hayakukoma. Alikuja kwenye meza yangu amelishika daftari kwa mikono miwili, akanitangazia kuwa yalikuwa manyunyu. Kitabuni ni nusu sentensi. Mtu mwenye akili timamu angeacha siku ya pili, na ndiyo maana watu wenye akili timamu hawatuachii vitabu kama vyake.

Halafu kuna kile kiti. Mnakijua, kile cha mbao kisicho na mikono, mbele ya kabati lake, ambacho mgeni akitaka kukikalia asubuhi huambiwa kwa upole asogee. Ni kiti cha mjukuu. Kila anapoandika jambo kuhusu mtu aliyekufa, liwe zuri au baya, hukigeukia kile kiti kitupu na kulisoma kwa sauti, kana kwamba mjukuu wa marehemu amekaa pale anamsikiliza. Sentensi asiyoweza kuisoma akikitazama kiti, haiendi kitabuni. Vijana huona ni kituko cha uzee. Hakukianza kwa uzee. Alikianza miaka kumi na miwili iliyopita, na mwenye kosa lililokianzisha ni mimi.

Kitabu chake cha hospitali ya zamani kilikuwa kimetoka mwaka mmoja kabla, na kilipendwa. Asubuhi moja akaja mama wa makamo, kitabu kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, akakaa kwenye kiti kile na kumwomba Mama Chanzo amsomee ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Akausoma. Ulihusu mlipuko wa kipindupindu, na sentensi yenyewe ilikuwa hii: "Siku ya tatu muuguzi wa zamu aliacha kituo chake, na hakuonekana tena mpaka hatari ilipopita."

"Huyo ni mama yangu," mgeni akasema. Hakupaza sauti, na mimi upande wa pili niliacha kushona. "Nilikuwa na miaka tisa. Kila siku tuliletewa nguo zake zimechemshwa, na siku kumi na tisa hatukumwona uso. Kama alikimbia, dada yangu, zile nguo zilitoka wapi? Sasa wajukuu zake wanasomeshwa shuleni kwamba bibi yao alikuwa mwoga."

Mama Chanzo alikuwa na chanzo. Alikuwa na daftari la zamu la hospitali, na ndani yake jina la muuguzi lilikatika siku ya tatu na kurudi siku ya ishirini na mbili. Angeweza kumwonyesha, na mazungumzo yangeishia hapo. Badala yake alimwomba wiki tano. Katika wiki hizo alifungua kila daftari la hospitali ile tulilo nalo, jani kwa jani, mpaka akafika kwenye daftari la jiko, lenye hesabu za unga na maharage. Katikati ya maharage zilikuwemo kurasa kumi na sita za daftari la zamu, fungu zima la wadi ya kutengea wagonjwa. Jina la muuguzi lilikuwepo kila siku, saini tatu kwa siku. Hakuacha kituo. Alihamishiwa mahali pabaya zaidi na akabaki.

Aliyaleta madaftari yote mawili mezani kwangu akauliza nayaonaje. Niliona mara moja. Yalikuwa na kimo kimoja na mistari ya rangi moja, na katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi niliyafumua yote mawili katika wiki moja nikayashona upya, mafungu ya kurasa zake yakiwa yamelala pamoja mezani. Mshono ulikuwa wangu. Fundi huujua mshono wake kama mama anavyoujua mwendo wa mwanawe. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki: "Ah, mafundi wa zamani hao, dada. Walikuwa wazembe sana."

Alinitazama. Akasema, "Labda," neno ambalo katika vitabu vyake vitano halimo. Akachukua madaftari akaenda.

Mnakumbuka kilichofuata, wale mliokuwepo. Aliandika masahihisho gazetini, na karatasi ndogo ya kubandikwa katika kila nakala iliyokuwa haijauzwa, maneno yake yakiwa: "Kosa ni la mwandishi, ambaye hakutafuta vya kutosha." Nakala zilikuwa mia tatu na arobaini. Aliyezibandika karatasi zile, moja moja, kwa gundi yake mwenyewe, ni mimi. Kamati ya nidhamu ilimwita. Barua ya karipio iliwekwa kwenye jalada lake, na nafasi ya mkuu wa idara, ambayo kila mtu alijua ni yake, ilipewa mtu mwingine. Kwenye korido watu walimpiga kwa fimbo yake mwenyewe, "Mama Chanzo, chanzo chako ni kipi?" Na mimi nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, nikajiambia kazi yangu ingeota mbawa, nikajiambia yeye ana jina kubwa atalivumilia. Miaka ikapita, naye kila asubuhi akakisomea kile kiti, nami nikamsikia.

Mwezi wa pili mwaka huu iliamuliwa kwamba kitabu cha hospitali kichapwe upya kwa heshima ya kustaafu kwake. Akanijia na dibaji mpya akaniomba niisome. Sijawahi kuombwa hivyo maishani. Ilieleza habari ya kurasa kumi na sita, halafu ikaacha nafasi tupu, imepigiwa mistari minne kwa rula.

"Hapo ni pako, fundi," akasema.

Nilimuuliza tangu lini anajua. Tangu siku ileile, akasema. Kurasa zile zilishonwa kwa uzi wa nailoni mweupe, na uzi ule uliingia ofisini mwaka nilioajiriwa. Alikuwa na hati ya kupokelea vifaa. Bila shaka alikuwa nayo. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwa nini alinyamaza na kubeba yote yale.

"Mimi naandika walichoandika watu na walichosema," akanijibu. "Wewe ulikuwa hujasema."

Nililia pale mezani, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya chungu cha gundi. Aliningoja nimalize. Hakunibembeleza na hakuniambia yameisha.

Kabla ya kuandika chochote nilikwenda kwa binti wa muuguzi. Sasa ana miaka sabini na mmoja na anatembea kwa kushika ukuta. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, hata kiti nilikuwa sijapewa. Akasema, "Miaka yote hii hasira yangu ilikuwa kwa mtu wa kalamu. Kumbe ni mtu wa sindano." Akaniuliza niliogopa nini. Nikamwambia kazi. Akatazama picha ya mama yake ukutani, akasema, "Naye alikuwa na kazi." Nilipoaga alinishika mkono akaniuliza, "Utaandika, mwanangu?" Nikasema nitaandika.

Nimeandika. Imenichukua wiki tatu kwa mistari minne, na sasa najua kwa nini mtu husimama anapofanya kazi ile. Nilimpelekea asubuhi, nikamkuta kwenye kabati lake. Aliisoma, akachukua penseli, akaukata mstari wa nne. Nikamuuliza kosa lake nini. Akasema mitatu ya kwanza ni habari yangu, huo wa nne ni habari yake, na yeye hakuniomba. Tena, akaongeza, naye kweli hakutafuta vya kutosha. Basi kitabuni mtaikuta mistari mitatu. Lakini katika jarida hili mhariri si yeye, kwa hiyo hapa naiweka yote:

"Kurasa kumi na sita za zamu nilizishona mimi, fundi wa kujalidi wa ofisi hii, ndani ya daftari la jiko.
Nilipoliona kosa langu niliwasingizia mafundi waliokufa.
Muuguzi yule hakuacha kituo chake hata siku moja.
Wala mwandishi wa kitabu hiki hakuacha chake, ingawa alilipia kosa langu kwa miaka kumi na miwili na hakunitaja kwa mtu."

Mama Chanzo, dada yangu, wenzako wa ghalani, wa masjala na wa juu wanakushukuru. Kalenda zote za mwaka huu tumeshakutengea. Pumzika vizuri, andika ukipenda, na uishi miaka mingi yenye afya na watu wa kukusomea. Na ukiuliza nani kasema kwamba tunakupenda, chanzo ni mimi, na nimetia saini.